Namna ya Kulinganisha Mitazamo ya Wahusika Kuhusu Maisha ya Kutangatanga

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiongoza kikundi kidogo cha usomaji wa riwaya hapa Moshi, na swali linalowasumbua zaidi wanakikundi ni kama mhusika anayapenda kweli maisha ya njiani au anayakimbilia tu kwa kuwa hana pengine pa kwenda. Mfano nitakaoutumia ni On the Road, riwaya ya Mmarekani Jack Kerouac iliyochapishwa mwaka 1957, ambayo wahusika wake hupanda gari moja huku kila mmoja akiwa na safari yake.

Hatua ya kwanza: andika mahali ambapo kila mhusika anaweza kurudi.
Zamani nilianza na jedwali la safu mbili, wapenda safari huku na wasioipenda kule, nikaliacha kwa sababu karibu kila mtu aliangukia safu ya kwanza na mjadala ukafa kabla chai haijapoa. Swali la marejeo hufungua mengi zaidi. Sal Paradise, ambaye ndiye msimulizi, anaishi kwa shangazi yake huko Paterson, New Jersey, na anapoishiwa fedha akiwa California ni shangazi huyo anayemtumia nyingine. Dean Moriarty, rafiki anayesafiri naye, ni mtoto wa mlevi wa Denver, baba ambaye hatimaye hapatikani. Msomaji wa Kilimanjaro hahitaji maelezo mengi hapa, kwani kila Desemba huona mabasi yakiwarudisha Wachaga, wenyeji wa huku, nyumbani “kuhesabiwa”, yaani kuonekana na jamaa zao mwisho wa mwaka, naye anajua kwamba mtu anayesubiriwa huzunguka kwa moyo tofauti na asiyesubiriwa. Sal anaye wa kumhesabu, Dean hana.

Hatua ya pili: tenganisha sifa na matendo.
Tumia kalamu mbili za rangi tofauti, moja kwa mistari ambamo Sal anamsifu Dean, nyingine kwa yale Dean anayoyatenda, kwa maana masikio yetu yamekodishwa kwa msimulizi anayemhusudu rafiki yake. Rangi ya pili itakuonyesha magari yaliyoibwa, ndoa zilizovunjika, na Sal akiachwa Mexico City akiwa hoi kwa kuhara damu.

Hatua ya tatu: watafute wanaolipa gharama.
Usiiharakishe hatua hii, maana ndiyo ambayo wanafunzi wengi huiruka. Ed Dunkel, rafiki wa Dean, anamwoa Galatea akitarajia kwamba mke huyo ndiye atakayegharimia safari, na fedha za Galatea zinapoisha, Ed na Dean wanamwacha hotelini Tucson. Baadaye, huko San Francisco, Galatea anamkemea Dean mbele ya wenzao kwamba hajali yeyote ila nafsi yake. Kwangu mimi, kauli hiyo ina uzito kuliko kurasa nyingi za kusifia barabara, kwa sababu inatoka kwa mtu aliyeisafiri barabara hiyo hiyo akaachwa kama mzigo. Mweke kando yake Terry, mama mwenye mtoto mdogo, ambaye Sal anaishi naye hemani wakichuma pamba California. Kwa Terry na jamaa zake kuhamahama ni kazi ya msimu, wala hakuna anayeiita uhuru. Sal anaionja kwa muda, kisha anarudi New York.

Hatua ya nne: mpime kila mhusika kwa methali mbili, mwanzoni na mwishoni mwa riwaya.
Mimi hutumia “Mtembea bure si mkaa bure” na “Mtembezi hula miguu yake”. Kila uamuzi uambatane na namba ya ukurasa, la sivyo mjadala utageuka kuwa wa kuwapenda na kuwachukia wahusika.

Kisha andika aya moja isiyozidi maneno 150 kuhusu tukio la mwisho, ambapo Sal anaondoka ndani ya Cadillac kwenda kwenye onyesho la Duke Ellington, naye Dean, aliyevuka bara zima kuja kumwona, anaachwa barabarani kwenye baridi ya New York. Eleza ni methali ipi iliyo moyoni mwa Sal wakati gari linaondoka. Wanakikundi wetu wawili waliwahi kutoa majibu yanayopingana kwa ushahidi wa ukurasa ule ule, nami niliyapokea yote mawili.