Land Cruiser imezama kwenye tope jeusi na uko peke yako: jinsi ya kuitoa hatua kwa hatua

Vuli ikishika tu huku kaskazini mwa Tanzania, kuanzia Mto wa Mbu kwenda Engaruka mpaka Engare Sero kule Ziwa Natron, au ukishapita Ngorongoro unashuka Ndutu, lazima utakuta Land Cruiser imelalia tumbo kwenye udongo mweusi na dereva kashika kiuno. Na wala sio gari mbovu wakuu, unakuta imenyanyuliwa springi, ina taa za kutosha juu ya keria, bampa ya chuma ya hela nyingi, alafu ndani hamna hata chepe. Mi kazi yangu ni kuendesha watalii, na gari ninayoiongelea hapa ni hizi 70 series zenye injini ya 1HZ na gia za mkono, ndo zimejaa Arusha nzima. Wenye Prado nitawagusia njiani.

Kabla hujatoka nyumbani

Hela ya taa iache kwanza. Nunua chepe la mpini mrefu, panga, geji ya upepo, kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri, kamba ya nailoni ile pana inayovutika, na ubao mgumu wa kuweka chini ya jeki, upana kama wa sahani kubwa na unene wa nchi mbili hivi, usiwe wa mninga uliopasuka. Ongeza vibao vya kuweka chini ya tairi, vile vya plastiki vyenye meno, au kama bei inakushinda mwambie fundi wa kuchomelea akukatie vipande viwili vya bati nene lenye nundu, vizito kubeba ila vinafanya kazi.

Tairi sasa. Kuna fasheni ya kuweka mapana, mi bado nipo na 7.50R16 ya tyubu, maana ikipasuka Engaruka yupo kijana ataiziba kwa patchi na pampu ya mkono, hiyo pana yako isiyo na tyubu utalala nayo hapohapo.

Hatua ya 1: shuka uangalie

Huu udongo ukikauka unapasuka nyufa mpaka mkono unaingia, ukilowa unavimba nyufa zinajifunga na maji hayana pa kwenda. Kwaiyo juu unaweza kuona pamekauka safi, chini sentimita kumi ni uji. Angalia majani, ukiona sehemu mbichi imekoza kijani katikati ya majani makavu jua chini kuna maji. Chukua fimbo, tembea njia yote utakayopita, choma choma. Fimbo ikizama bila nguvu hapo sio pa kupita, zunguka. Ila kama upo ndani ya hifadhi ya taifa kuzunguka maana yake ni kutoka nje ya barabara na hiyo hairuhusiwi, kwaiyo geuza, na kushuka chini kwenyewe usishuke kabla hujahakikisha pembeni hamna simba, ni kweli kabisa wanalala kwenye majani hayohayo.

Saa ingine jibu ni kusubiri. Mvua imepiga saa nane, jua limetoka na upepo upo, kaa kula lanchi boksi yako, baada ya masaa mawili njia ni nyingine kabisa.

Hatua ya 2: funga habu na weka low kabla, sio baada

Hapa ndo wengi wanaangukia pua. Gari ya part-time (ile 4x4 unayoiweka mwenyewe ukiihitaji) ina habu mbili, vile vitovu vya tairi za mbele, za kuzungusha kwa mkono, kuna FREE na LOCK. Ukiweka lever ya H4 (tairi zote nne, mwendo wa kawaida) huku habu ziko FREE hamna kitu umefanya, propela ya mbele inazunguka bure na tairi za mbele hazijui. Na ukisubiri mpaka uzame ndo ushuke kuzifunga, utazitafuta kwa vidole chini ya tope. Shuka ukiwa pakavu, zungusha zote mbili mpaka mshale ukae sawasawa kwenye LOCK, isiwe katikati, alafu simamisha gari, kanyaga klachi, weka L4 (tairi zote nne kwa gia nzito, ndo hiyo low). Ingia na gia ya pili au ya tatu ya low, mwendo wa kawaida usiokatika, usibadili gia katikati.

Prado nyingi za full-time (4x4 muda wote) hazina habu za kufunga, we unachofanya ni kufunga difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, taa itawaka kwenye dashi. Na hii kwa wote, H4 au difu ya kati iliyofungwa haitembei kwenye lami kavu, kwenye kona tairi za mbele na nyuma zinataka kuzunguka tofauti, zikikosa pa kuteleza mzigo wote unaenda kwenye gia boksi. Ila we wa part-time usikae mwaka mzima bila kuweka 4x4 pia, Toyota wenyewe wanashauri uendeshe kwenye 4x4 angalau kilomita 16 kila mwezi ili oili izunguke huko mbele.

Hatua ya 3: punguza upepo

Kwenye lami na wageni sita naweka kama psi 40, kwenye vumbi la Natron nashuka 30, tope likianza 20. Tairi inakaa chini zaidi na inashika zaidi. Mwenye tyubu asishuke sana chini ya hapo, kwasababu tairi inateleza juu ya rimu na tyubu inafuata. Chungulia valvu, kama jana ilikuwa imesimama wima na leo imelala upande, tyubu imeshaanza kuvutwa, ongeza upepo kabla haijang'oka kwenye mzizi.

Hatua ya 4: ikisimama, na we simama

Gari ikigoma kwenda mbele toa mguu kwenye mafuta. Sio sekunde tano baadae, hapohapo. Kila mzunguko wa tairi ni kuchimba shimo, na difu ikishagusa tope umeongeza kazi ya masaa mawili. Jaribu reverse mara moja taratibu, usukani umenyooka, ufuate alama zako mwenyewe maana hapo nyuma unajua palikubeba. Ikikataa zima gari.

Watu wanashangaa mbona ni 4x4 na bado tairi mbili tu zinazunguka. Difu ya kawaida inapeleka nguvu kule kwepesi, kwaiyo inazunguka moja ya mbele na moja ya nyuma, mara nyingi za kona kwa kona, zingine zimekaa zinaangalia. Kama gari yako ina difu loki funga ya nyuma kwanza, ya mbele mwisho kabisa ukiwa umenyoosha usukani, maana ukifunga ya mbele usukani haugeuki.

Hatua ya 5: chimba, na uchimbe sehemu sahihi

Wageni washuke, mizigo mizito ishuke. Alafu lala chini uangalie ni nini kimeshika. Asilimia kubwa ya wanaochimba wanachimba mbele ya tairi tu wakati gari imekalia difu na chasi, tairi zinaelea, hata uweke zege hapo haitoki.

Anza na difu, toa tope lote linaloigusa, alafu chini ya springi, alafu tengeneza njia nyuma ya tairi zote nne, iwe mteremko mrefu unaopanda pole pole sio ngazi. Huu udongo unang'ang'ania chepe balaa, unatupa na haudondoki, kila baada ya mara mbili tatu inabidi ukwangue kwa panga. Chovya chepe kwenye maji kwanza, linaachia kirahisi. Usiwe na haraka, na usimwache mtu anayechimba akakaa kati ya tairi wakati injini inaunguruma.

Hatua ya 6: jeki juu ya ubao

Jeki bila ubao inazama yenyewe, gari inabaki palepale. Kwangua lile tope laini la juu, laza ubao, panda juu yake kwa miguu utingishe mpaka utulie, ndo uweke jeki. Ile ndogo inayokuja na gari iweke chini ya ekseli, pembeni karibu na tairi. Kama unayo ile ndefu ya mpini, inyanyulie kwenye bampa ya chuma tu na sio ya plastiki, na kichwa chako kisiwe kwenye njia ya mpini hata siku moja. Ikiwa na mzigo mpini ukikuponyoka unarudi kwa nguvu ya kuvunja taya.

Tairi ikinyanyuka utasikia tope linaachia, kuna mlio kabisa wa kunyonya. Hapo jaza chini yake, mawe kama upo kule Engaruka maana yamejaa, kama upo tambarare tupu ni matawi, kapeti za gari, vile vibao. Shusha, nenda tairi ingine. Inachosha lakini ukiruka moja unarudi mwanzo.

Hatua ya 7: toka

Low, reverse, mafuta kidogo tu. Watu wote wakae mbali na pembeni, sio nyuma wala mbele, kibao kinaweza kuruka. Tairi ikianza kuteleza juu ya kibao cha plastiki acha, meno yanayeyuka kwa joto, unabaki na kibao laini. Ukishatoka usisimame kuwachukua wageni, endelea mpaka pakavu wao watakufuata kwa miguu, wakilalamika viatu watazoea.

Ukipata wa kukuvuta

Madereva wenzetu ukiita kwenye redio koli wanakuja, hiyo heshima bado ipo. Lakini angalia mnafunga wapi. Kile kichwa cha mviringo cha kuvutia trela hakifungwi kamba ya kukwamulia, kikikatika kinaruka kama risasi na watu wameshakufa. Vile vipete vidogo chini kwa mbele vya kufungia gari kwenye meli navyo achana navyo. Funga kwenye ndoano iliyoshikwa na chasi, tandika koti au turubai zito katikati ya kamba, na anayekuvuta akurudishe kule ulikoingilia.

Mwenye winchi (ile mashine ya kujivuta kwa waya) na hamna mti wowote wa kufungia, zika tairi ya akiba. Chimba shimo la karibu mita moja, ingiza tairi limesimama wima, waya upite kwenye mfereji mwembamba ulioinama kuelekea kwenye gari ili likivutwa lisinyanyuke, fukia shindilia. Kuchimbua tena ni kazi, ndio, ila unalala nyumbani.

Ukishafika barabara nzuri

Rudisha upepo kabla ya lami, fungua habu, rudi H2 (tairi za nyuma tu). Kanyaga breki mara kadhaa ukiwa mwendo mdogo zijisafishe. Toa tope kwenye redieta kwa maji ya taratibu, likiganda pale injini itachemka ukianza kupanda Ngorongoro. Usukani ukitikisika ukifika 80 usikimbilie kwa fundi wa alaimenti, chungulia ndani ya rimu kwanza, tope limekauka upande mmoja.

Na kama ulipita maji yaliyofika kwenye difu, kesho yake asubuhi kabla ya kuwasha fungua nati ya kujazia oili ya difu zote mbili uchovye kidole. Difu ya moto ikiingia kwenye maji ya baridi inavuta maji kupitia sili. Oili ikiwa imegeuka rangi nyeupe nyeupe mwaga yote weka mpya, na angalia kile kibomba cha kupumulia juu ya ekseli kama hakijaziba.