Baiskeli ya kukunja Tanga: fremu ya chuma au ya alumini?

Beba sumaku ndogo unapokwenda kununua. Ikinasa kwenye bomba kuu, fremu ni chuma; isiponasa, karibu kila mara ni alumini. Unene wa bomba hautoshi kukuambia. Alumini hupinda kirahisi, ugumu wake ni kama theluthi ya ule wa chuma, kwa hiyo bomba lake hutengenezwa pana. Kwa sababu hiyo wepesi wake si mkubwa kama wauzaji wanavyosema.

Kazi kubwa iko kwenye bawaba, yaani kiungo cha kukunjia. Kunjua baiskeli, funga kufuli la bawaba, shika breki ya mbele, kisha sukuma usukani mbele na nyuma huku kidole kikiwa kwenye mwanya wa bawaba. Ukihisi mchezo, yaani bawaba inacheza, kaza skrubu ya kufuli robo mzunguko. Mchezo ukibaki, pini imelika. Halafu futa vumbi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa na tazama kandokando ya kila mahali palipochomelewa. Kwenye chuma, ufa hutoa mstari wa kutu nyekundu mapema. Kwenye alumini huonekana kama unywele mweusi tu, na bado unatembea: alumini huchoka kwa kila shimo la barabara, hata dogo.

Ufa wa bomba la chuma, mbali na bawaba, hutengenezeka kwa fundi yeyote makini wa kuchomelea pale Ngamiani, mradi apunguze umeme, maana bomba ni jembamba. Alumini inahitaji mashine ya gesi ya agoni, na hata hivyo joto huipunguzia nguvu sehemu iliyochomelewa. Bawaba yenye ufa usichomelee kabisa, iwe ya chuma au alumini.

Kwa anayekaa karibu na bahari, tuseme Raskazone, chumvi hula chuma kutoka ndani. Chomoa nguzo ya kiti, pindua fremu: yakitoka maji au magamba ya kutu, punguza bei au ondoka. Alumini haina kutu, ila boliti za chuma zilizoingia ndani yake huiotesha unga mweupe, zipake grisi. Nguzo ya kiti usiipake, itateleza ukiwa umekaa. Ipandishe na kuishusha mara kwa mara, haitaganda.

Bawaba za baiskeli zote mbili zikiwa nzima, sisi tungechukua ya chuma.