Kusoma ustaarabu wa kale pamoja: mwongozo kwa kikundi cha Waislamu, Wakristo na Wahindu Kisumu

Kikundi cha kusoma chenye watu wa dini mbalimbali kikianza kuyumba, kagueni kwanza kitabu mlichochagua. Wengi wetu tumezoea mihadhara ya hadharani, ambapo Biblia na Kurani hufunguliwa ili mmoja ashindwe mbele ya umati. Mkianza na kitabu kinachoihukumu dini ya mwenzenu, mtakuwa mmeuleta mhadhara ndani ya nyumba. Anzeni na Babeli, Ashuru, Misri, Kushi (Sudan ya kale) au Aksum (Ethiopia ya kale). Hakuna miongoni mwenu anayeabudu miungu ya Ashuru, basi kila mtu atauliza bila kuogopa kumuumiza jirani. Vitabu vya majadiliano ya dini vingoje miezi mitatu hivi.

Kwenye maktaba inayotumia Dewey, mpangilio wa vitabu kwa namba za mada, historia ya ulimwengu wa kale iko rafu ya 930. Ndani yake 932 ni Misri na 935 ni Mesopotamia, yaani nchi ya Babeli na Ashuru. Biblia iko 220, Uislamu 297, na uhusiano kati ya dini 201. Jaribuni maktaba ya umma mjini, kisha maktaba ya Chuo Kikuu cha Maseno, mkiuliza mapema masharti ya msomaji asiye mwanafunzi. Kabla ya kuazima, tumieni dakika kumi. Tazameni mwaka wa kuchapishwa nyuma ya ukurasa wa jina. Fungueni faharasa, tafuteni dini ya kila mmoja wenu, msome kurasa mbili zinazotajwa hapo: je, muumini angejitambua katika maelezo hayo? Kitabu kinachotaja kibao au jiwe la kale bila kusema lilipatikana wapi na limehifadhiwa wapi, kirudisheni rafuni.

Watu 8 hadi 12 wanatosha, na kurasa 25 hadi 30 kwa kikao. Nakala ikiwa moja tu, msomaji wa zamu hukaa nayo wiki nzima, kisha huleta muhtasari wa Kiswahili wa ukurasa mmoja, na kando ya kila hoja namba ya ukurasa ilipotoka. Msiache namba hizo. Bila hizo, nusu ya kikao itaisha mkibishana mwandishi alisema nini.

Siku inayofaa wengi ni Jumapili, saa nane na nusu mchana hadi saa kumi kasorobo. Ibada za kanisani huwa zimekwisha, Waislamu wameswali adhuhuri na wanawahi alasiri, na Wasabato hawajanyimwa Jumamosi yao. Mwezi wa Ramadhani pumzikeni. Kwa chakula, njugu, ndizi na uji humfaa karibu kila mtu: hakuna nyama ya kuuliza imechinjwa na nani, na Wasabato wengi hawanywi chai ya majani.

Sasa kazi yenyewe. Gawanyeni karatasi safu tatu: kilichofukuliwa, anachokisia msomi, tunachoamini. Kila kauli iingie safu moja tu. Ugomvi mwingi huzuka pale kauli ya safu ya pili inaposomwa kama ya kwanza, au ya tatu inapodaiwa kuthibitishwa na jiwe.

Zoezi zuri kuliko yote la kuanzia ni gharika. Mwaka 1872 George Smith alitangaza mjini London kwamba amesoma kisa cha gharika kwenye kibao cha udongo cha mwandiko wa kikabari (alama zenye umbo la kabari), kutoka Ninawi, mji wa Ashuru. Ni kibao cha 11 cha utenzi wa Gilgamesh, shujaa wa masimulizi ya Mesopotamia, na nakala hiyo ni ya karne ya 7 KK. Wekeni tafsiri yake kando ya Mwanzo 6 hadi 9 na Sura Hud ya Kurani, aya 25 hadi 49. Kwenye kibao hutumwa njiwa, mbayuwayu, kisha kunguru. Kwenye Mwanzo kunguru hutangulia njiwa. Mwanzo 8:4 inataja milima ya Ararati, Hud 11:44 inataja Judi. Orodhesheni tofauti kabla ya kufanana, maana kufanana huonekana kwa haraka na kuwafanya watu waache kusoma.

Hapo ndipo mtu atauliza nani aliiga kwa nani. Mjibuni kwa kanuni hii: tarehe ya nakala si tarehe ya kisa. Vibao vyenye kisa cha gharika vilivyo vikongwe kuliko hicho cha Ninawi vimepatikana. Kanuni hiyo itumieni kwa maandiko yote, ya kwenu pia. Vilevile msomi akiita kisa hekaya, hajasema ni uongo. Ametaja aina ya masimulizi. Waelezeni wanakikundi hivyo siku ya kwanza, kabla mtu hajaondoka amekasirika.

Miaka huwachanganya wengi. Kugeuza mwaka wa Hijria, zidisha kwa 0.97, ongeza 622. Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, Zanzibar, ni ya mwaka 500 Hijria: 485 na 622 ni 1107. Jibu linaweza kupotoka kwa mwaka mmoja. Na mkihesabu kutoka KK hadi BK, jumlisheni miaka hiyo miwili kisha toeni 1, kwa kuwa hapakuwa na mwaka sifuri.

Mkifikia majadiliano ya dini, chukueni matini fupi mbili: tamko la Nostra Aetate la Kanisa Katoliki, 28 Oktoba 1965, na barua ya wanazuoni 138 wa Kiislamu kwa viongozi wa Wakristo, 13 Oktoba 2007. Mwislamu aliwasilishe tamko, Mkristo aiwasilishe barua. Yule ambaye matini ni ya dini yake asahihishe mwishoni tu, asikatize. Wahindu wasiachwe kando. Sehemu ya 2 ya tamko inawataja, nao waseme kama wamesemwa sawasawa.

Kikundi kikikomaa, pelekeni zile safu tatu Thimlich Ohinga, Migori, kwenye kuta za mawe zilizojengwa bila udongo wala saruji na kuingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018. Walio Nakuru wana Hyrax Hill, eneo la mabaki ya kale, karibu. Andikeni kwanza mnachokiona kwa macho, dakika ishirini, kabla ya kumsikiliza mwongoza wageni.