Somo: Namna ya Kuchunguza Injini ya Jeti Iliyopasuka Ndege Ikikimbia Kuruka

Injini inapopasuka ndege ikiwa mbioni kwenye njia ya kurukia, karibu kila kipande huonekana kuwa ndicho chenye kosa. Mchunguzi anatafuta kimoja tu, kile kilichovunjika kwanza.

Hatua ya kwanza ni kulinda ushahidi unaopotea upesi. Moto ukishazimwa na watu wote wakiwa salama, umeme wa vinasa ukatwe, kwa sababu kinasa sauti cha chumba cha marubani chenye uwezo wa saa 2 kikiachwa kinafanya kazi kitayafuta maneno tunayoyahitaji. Kisha njia yote ikaguliwe kwa miguu, na kila kipande kipigwe picha pale kilipoangukia kabla hakijaguswa. Msiishie ukingoni mwa lami. Tarehe 28 Oktoba 2016, mjini Chicago, diski ya tabaini (gurudumu la chuma linalozungushwa na gesi ya moto) ya injini ya kulia ya Boeing 767 ya American Airlines ilipasuka. Kipande chake kilitoboa bawa, kikapita juu ya ndege na kuangukia ndani ya ghala lililokuwa umbali wa karibu mita 900.

Hatua ya pili ni kusoma kinasa mwenendo, kifaa kinachohifadhi vipimo vya ndege na injini zake. Linganisheni injini zote mbili kwa kasi ya mzunguko, joto la gesi na mtetemo, mwone ni kipimo gani kilichobadilika mwanzo.

Hatua ya tatu ndiyo ninayowasihi muifanye kwa subira. Nyuso za mpasuko zisisuguliwe kwa brashi, wala vipande visigusanishwe ili kuona kama vinalingana, maana mguso huo unafuta alama ambazo hazitarudi. Uchovu wa chuma, yaani ufa unaokua kidogo kidogo kwa mizigo inayojirudia, huacha uso laini wenye mistari ya mviringo kama ya kombe la pwani, yote ikizunguka nukta moja. Pale laini inapokoma na uso kuwa wa kukwaruza, ndipo chuma kilipokatika kwa ghafla. Ifuateni mistari hadi kwenye nukta, kisha muiweke chini ya hadubini. Kwenye diski ya Chicago, nyufa zilianzia kwenye dosari iliyokuwa ndani ya aloi (mchanganyiko wa metali) ya nikeli tangu ilipotengenezwa.

Mwisho, fuateni namba ya kipande hicho katika kumbukumbu za matengenezo na za kiwandani.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, tutajuaje kama ni ndege mnyama aliyeingia injini?
Jibu: Tafuta manyoya na damu, hata mabaki madogo, yapelekwe maabara. Mwili laini kwa kawaida hupinda kingo za mbele za mapanga ya feni ya injini, ilhali jiwe au chuma huacha pengo lenye kingo kali.

Swali: Kwa nini rubani huendelea kuruka wakati mwingine, ilhali injini moja imekufa?
Jibu: Kabla ya safari hukokotolewa kasi ya uamuzi, iitwayo V1. Ikishapitwa, njia iliyobaki haitoshi kusimamia, na ndege hizi zimethibitishwa kuwa zinaweza kupaa kwa injini iliyobaki.

Swali: Ndege ikiwa ya nchi nyingine, nani anaongoza uchunguzi?
Jibu: Nchi ilikotokea ajali, kwa mujibu wa Kiambatisho cha 13 cha ICAO, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga. Nchi iliyoisajili ndege na zile zilizoisanifu na kuiunda zina haki ya kutuma wawakilishi.