Jinsi ya Kupanua Tiba ya Uraibu na Maradhi ya Akili Katika Jamii

Mtu anayeishi na uraibu wa pombe na papo hapo ana sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, huambiwa na kliniki ya akili aache kunywa kwanza, na akifika kituo cha uraibu huambiwa akatibiwe akili kwanza. Wengi hupotelea kati ya milango hiyo miwili. Kwa hiyo, kabla ya kuomba fedha za jengo jipya, wakutanisheni wahudumu wa pande zote mbili mpaka wakubaliane kwamba mgonjwa atakuwa na jalada moja, timu moja na mpango mmoja wa tiba, na kwamba hakuna atakayerudishwa nyumbani kwa sababu tu amefika akinuka pombe.

Baada ya hapo, wafundisheni wahudumu wa zahanati kuuliza. Dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani lina maswali 10 kuhusu pombe, na PHQ-9 lina maswali 9 kuhusu dalili za sonona katika wiki 2 zilizopita. Yote mawili yanaweza kukamilika kabla mgonjwa hajamwona daktari. Swali la mwisho la PHQ-9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru, na si haki kumuuliza mtu swali hilo ikiwa hamjapanga nani atakaa naye siku hiyo hiyo endapo atajibu ndiyo. Dalili za sonona zinaweza kupungua baada ya wiki kadhaa bila pombe, lakini mwenye mawazo ya kujiua hasubirishwi.

Dawa zisiachwe nyuma. Methadoni na buprenofini, dawa anazopewa mraibu badala ya heroini, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, hupunguza vifo miongoni mwa watumiaji wa heroini, na manufaa hayo hudumu kadiri mtu anavyoendelea na tiba. Kwa maoni yangu, dirisha la methadoni ndilo nafasi inayopuuzwa kuliko zote: muuguzi humwona mtu yule yule kila asubuhi akinywa dozi yake, akamfahamu kiasi cha kutambua kwamba leo hakuoga, hasalimii, mkono unatetemeka. Mpeni muuguzi huyo mamlaka ya kumwita mshauri nasaha pale pale, na muulizeni kila mgonjwa kuhusu dawa za usingizi na pombe, kwa kuwa zikichanganyika na methadoni zinaweza kuzima pumzi.

Si kila arosto, yaani mateso ya mwili baada ya kukosa kilevi ulichokizoea, inatibika nyumbani. Ya heroini hutesa sana, ila mara chache huua. Ya pombe inaweza kuleta degedege na kuchanganyikiwa kunakohatarisha maisha, hivyo aliyewahi kupatwa na hali hizo apelekwe hospitali, tena kwa kusindikizwa. Karatasi ya rufaa peke yake haimfikishi mtu popote.

Wasindikizaji wazuri ni waelimishaji rika, yaani watu waliopitia uraibu na kupata nafuu. Walipeni kama wafanyakazi wengine, na wawe na mtu wa kuzungumza naye kila wiki, maana kazi hii huwarudisha karibu na yale waliyoyakimbia.

Wiki za kwanza baada ya mtu kutoka gerezani au kwenye nyumba ya kuondolea sumu mwilini zinahitaji uangalizi wa pekee. Mwili umeshapoteza ustahimilivu, na kiasi alichokizoea zamani sasa kinaweza kumuua. Mkabidhini yeye na familia yake naloksoni, dawa ya kumrudishia pumzi aliyezidisha heroini, kabla hajatoka, muwaonyeshe namna ya kuitumia, na mpangeni siku ya kukutana naye ndani ya juma hilo. Asipotokea siku hiyo, mwelimishaji rika aende kumtafuta kabla jua halijazama.