Kuomba posdoki ukiwa Kigoma na mvi zimeshaanza

Posdoki ni nafasi ya utafiti ya muda baada ya uzamivu (PhD).

Hatua ya 1: hesabu miaka ya uzamivu, si ya kuzaliwa. Wengi wetu huku tulianza na ufundishaji au takwimu za uvuvi, tukarudi shule watoto wakiwa sekondari. Mtu wa miaka 50 anaweza kuwa na uzamivu wa juzi tu. Mpango wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya hupokea watu wa mataifa yote, mradi usizidi miaka 8 ya utafiti tangu utunukiwe. Miaka uliyokaa halmashauri kwa kazi isiyo ya utafiti haihesabiwi, wala likizo ya uzazi. Weka ushahidi wake tayari. Wakfu wa Humboldt wa Ujerumani huwapokea watafiti wazoefu hadi miaka 12 baada ya uzamivu.

Hatua ya 2: tafuta mwenyeji, yaani profesa wa huko atakayekupokea. Hapa ndipo penye kazi. Usiandike "naomba nafasi". Hilo mwachie kijana. Wewe anza na ulicho nacho, kwa mfano:

"Nina rekodi za dagaa na migebuka wa mwalo wa Katonga, kabla na baada ya Ziwa Tanganyika kufungwa kwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Modeli yako ya ukuaji wa samaki haijawahi kujaribiwa kwenye ziwa lililopumzishwa hivyo."

Sentensi ya pili ndiyo itakayomfanya ajibu, na huwezi kuiandika bila kusoma kazi zake. Mapengo ya rekodi usiyafiche. Eleza kwamba wavuvi wa taa hawaingii ziwani mbalamwezi ikiwa kali, ndiyo maana kila mwezi kuna siku tupu. Mgeni ataona mashimo. Mtu wa ziwa anajua sababu yake, na ujuzi huo ndio unaouza. Mwenyeji akiwa na umri wa mwanafunzi wako wa zamani, mwite Profesa na uendelee.

Hatua ya 3: mwajiri. Usiache kazi! Andika mapema kupitia kwa mkuu wa idara, uombe ruhusa ya maandishi inayosema nafasi yako itabaki na mshahara utakuwaje. Mtumishi wa umma anahitaji pia kibali cha kusafiri nje. Maneno ya korido hayatakusaidia uongozi ukibadilika.

Hatua ya 4: wadhamini. Msimamizi wako wa uzamivu na mtu mwingine anayejua kazi yako ya sasa. Basi.

Hatua ya 5: andiko la utafiti. Mwenyeji akitaka kuja kukusanya sampuli Kibirizi, atahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia). Kiweke kwenye ratiba, pamoja na makubaliano ya kusafirisha sampuli. Humboldt hupokea maombi mwaka mzima. Marie Curie kwa kawaida hufungwa Septemba, kwa hiyo barua ya kwanza kwa mwenyeji itoke kabla ya Machi.