Kuvunja fremu za tovuti ya zamani

Ukitamka "fremu" hapa Morogoro, mtu anadhani unatafuta chumba cha kufungulia duka. Ninazosema mimi ni zile zilizokuja na kivinjari cha Netscape Navigator 2 mwaka 1996: dirisha la kivinjari linagawanywa, menyu kushoto, somo kulia, kila upande na faili lake.

Nilizikuta kwenye tovuti ya notsi za Baiolojia ya mwalimu mmoja mstaafu. Alinipigia: "Kijana wangu, nawatumia wanafunzi linki ya mada ya 6, wote wanatua ukurasa wa mbele." Shikamoo Mwalimu, kasoro ndiyo hiyo: ukibofya menyu, kulia panabadilika lakini anwani juu imeganda. Anayetokea Google naye anaangukia somo tupu lisilo na menyu.

Sifa moja ya fremu naikubali. Enzi za modemu, menyu ilipakuliwa mara moja tu. Na ukirekebisha faili hilo, kurasa zote 40 zimepona. Faida hii ya pili usiitupe.

Nakili folda nzima kwanza. Fungua menu.html, kata kilichomo ndani ya body, hifadhi kama menu.php. Masomo nayo yageuze yawe .php (hakikisha seva yako ina PHP, lugha inayounda kurasa kwenye seva kabla hazijatumwa), na pale menyu inapokaa andika <?php include 'menu.php'; ?>, mstari unaoingiza menyu hiyo moja kwenye kila ukurasa. Rekebisha viungo vya menyu vifuate majina mapya, kisha futa target="kuu" kwenye kila kimoja ("kuu" lilikuwa jina la fremu ya kulia, ambayo sasa haipo). Mimi nilisahau, mbofyo wa kwanza ukanifungulia kichupo kipya. Anwani za zamani za .html zielekeze kwenye mpya, maana kuna watu wamezihifadhi.

Menyu irudishe kushoto kwa CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa: display: grid, grid-template-columns: 200px 1fr. Ila simu yenye upana wa pikseli 360 italibakizia somo 160, kichochoro kabisa. Chini ya 600, ipandishe menyu juu.

HTML5 iliziondoa frameset, yaani tagi za fremu hizi; iframe, kidirisha cha ukurasa mwingine ndani ya ukurasa wako, ikabaki. Mimi naitumia kwa ramani tu, na naipa title kwa ajili ya wasioona, pamoja na loading="lazy". Ukurasa wa benki ukigoma kufunguka humo, usihangaike. Wenyewe wameufunga kwa X-Frame-Options, agizo la seva linalokataza ukurasa kuwekwa ndani ya fremu, tapeli asije akaulaza bila kuonekana juu ya kitufe chake.

Ukimaliza, fungua mada ya 6, nakili anwani, mtumie mtu WhatsApp. Akikuuliza "mada ya 6 iko wapi?", kuna ukurasa umeuruka.